Hospitali za Mombasa ziwape wagonjwa nakala za rekodi zao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wasomaji, na hasa wasimamizi wa hospitali za umma na za kibinafsi hapa Mombasa, jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa miezi kadhaa na ambalo najua limewapata wengi kabla yangu. Ni ile taabu anayoipata mgonjwa, au jamaa anayemuuguza, pindi anapokwenda hospitalini kuomba nakala ya kumbukumbu za matibabu yake mwenyewe.

Mama yangu ana umri wa miaka 68 na anaishi Likoni. Mwaka jana alilazwa siku tisa katika hospitali moja ya hapa mjini. Sitaitaja, kwa sababu mtindo nitakaoueleza nimeusikia pia kwa majirani na wafanyakazi wenzangu waliotibiwa kwingine, na nisingependa msomaji adhani kwamba ni ila ya nyumba moja. Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani alipewa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye jina lake, tarehe mbili, jina la ugonjwa ambalo hata muuza dawa wa mtaani alishindwa kulisoma, na orodha ya dawa tatu. Majibu yote ya vipimo vya damu, picha ya altrasaundi, na maandishi ya madaktari waliokuwa wakimpitia kitandani kila asubuhi yalibaki ndani ya faili. Wala sisi hatukuyaulizia. Mgonjwa alikuwa amepata nafuu, gari lilikuwa linangoja langoni, na haraka yetu ilikuwa ni kumvusha feri kabla jua halijawa kali.

Miezi minne baadaye miguu ilianza kumvimba na pumzi zikawa zinamkatika akipanda ngazi mbili tu. Tulimpeleka hospitali nyingine, na daktari wa figo aliyemwona, kabla hata hajaandika dawa yoyote, aliuliza swali moja: vipimo vyake vya zamani viko wapi? Alituketisha akatueleza kwa subira kwamba kipimo cha kreatinini, yaani ile taka ya mwili ambayo figo zenye afya huichuja na kuitoa kwa mkojo, kikipimwa mara moja humwonyesha hali ya siku hiyo peke yake. Ili ajue kama figo zimeumia ghafla, pengine kwa sababu ya dawa au ya kupungukiwa na maji mwilini, na huenda zikarudi katika hali yake, au kama zimekuwa zikidhoofika kidogo kidogo kwa muda mrefu, hana budi kulinganisha kipimo cha leo na cha zamani, kwa kuwa maradhi ya figo huhesabiwa kuwa sugu pale hitilafu inapodumu miezi 3 au zaidi. Matibabu ya hali hizo mbili hayafanani. Na kipimo alichokitaka kilikuwa kimeshafanywa, tumeshakilipia, na kilikuwa kimelala ndani ya faili mwendo wa matatu moja tu kutoka pale tulipoketi.

“Nileteeni hizo karatasi,” alisema, “hata zikiwa kopi.”

Nilizifuata mara nne. Mara ya kwanza, karani wa dirisha la rekodi aliniambia kwamba faili ni mali ya hospitali na haitoki. Nikamweleza kwamba sikuja kuichukua faili, nilitaka nakala ya kurasa chache. Akasema nije na mgonjwa mwenyewe. Mara ya pili nikaja na mgonjwa mwenyewe: tulimvusha kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, akasukumwa katikati ya umati wa kivukoni akiwa ameshikilia mkoba wake kifuani, kisha akaketi kwenye benchi la mbao kwa saa mbili na nusu. Dirisha lilipofunguliwa tukaambiwa kwamba ruhusa hutolewa na daktari aliyemtibu, naye yuko likizoni. Mara ya tatu nikatajiwa shilingi 2,000 za kutafutiwa faili, pasipo tangazo wala karatasi yoyote iliyoonyesha malipo hayo yamewekwa na nani. Na nilipoomba risiti, habari ya pesa ikaachwa, nikaambiwa nikalete amri ya mahakama. Amri ya mahakama, Mhariri, kwa mwanamke anayeomba kuonyeshwa vipimo vya damu yake mwenyewe.

Katika safari hizo tatu kuna jambo lililonichoma zaidi ya kunyimwa. Kila mara nilipofika, karani aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya foleni mgonjwa alikuwa anaugua nini, na alilazwa wodi gani, na mara moja akakisoma kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye daftari la wodi. Watu wa Likoni tunajuana. Mama alirudi nyumbani akakuta jirani ameshakuja kumpa pole kwa maradhi ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado hajayaeleza kwa ndugu zake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema wazi kwamba habari za mgonjwa, kuanzia hali yake, matibabu yake, hata kule kulazwa kwake, ni siri. Basi siri hiyo ilitolewa bure kwa foleni nzima, na mwenye siri akanyimwa karatasi.

Safari ya nne nilimkuta dirishani karani mwingine, mama wa makamo, ambaye alinisikiliza hadi mwisho. “Mwanangu,” akaniambia, “we andika barua, ipigwe muhuri pale mapokezi, uniletee mimi.” Nikaiandika palepale juu ya paja, kwa Kiswahili, ikapigwa muhuri, nikamletea. Akaingia ndani na kuniachia mlango wazi kidogo, nami nikakiona chumba kile. Faili zimepangwa hadi darini, nyingine ziko ndani ya makatoni ya sabuni na ya mafuta ya kupikia, nyingine zimefungwa kwa kamba za katani mafungu mafungu kwa miezi. Ukuta wa upande wa bahari umetoka chumvi na rangi inabambuka. Feni ilikuwa imesimama. Yule mama alijifunga leso mdomoni kwa sababu ya vumbi, akapanda kigoda, na baada ya dakika zipatazo 20 akarudi na faili ya mama yangu mkononi, jasho likimtiririka. Sina neno baya juu yake wala juu ya wenzake wanaofanya kazi katika chumba kama kile. Nasema tu kwamba kazi iliyowezekana kwa dakika 20 ilitugharimu wiki tano.

Ndani ya faili mlikuwamo mambo matatu ambayo kila moja linastahili kuelezwa.

Lilikuwamo jibu ambalo daktari alilihitaji. Kreatinini ya mama ilipimwa mara mbili katika siku zile tisa, na mara zote mbili ilikuwa juu ya kiwango, ya pili ikizidi ya kwanza. Hatukuambiwa, au tuliambiwa tukiwa na hofu tusisikie, sijui. Daktari wa figo alizisoma zile kopi mbili kwa muda usiozidi dakika tano, akatuambia kwamba figo zilikuwa zimeanza kuchoka tangu wakati ule, akabadilisha mpango wake wa dawa, na akampiga marufuku vidonge vya diklofenaki ambavyo mama alikuwa akivinunua dukani kwa ajili ya maumivu ya magoti, kwa kuwa dawa za jamii hiyo huziumiza figo zilizo dhaifu. Katika zile wiki tano nilizokuwa nikizunguka, mama alikuwa akivimeza vidonge hivyo kila usiku.

Mlikuwa pia na ukanda wa kipimo cha umeme wa moyo, ule mrefu wenye mistari kama ya tetemeko. Ulikuwa mweupe. Karani alinieleza kwamba karatasi ile haiandikwi kwa wino, huchapwa kwa joto, na baada ya muda, hasa katika chumba chenye hari, mistari hufifia yenyewe hadi ikapotea. Picha ndogo za altrasaundi nazo mara nyingi huchapwa kwa karatasi ya namna hiyo. Nimelitaja hili kwa kituo kwa sababu sikuwa nalijua, na naamini wapo wengi wasiolijua: kuna kumbukumbu ambazo zikikaa muda mrefu ndani ya faili katika joto la Mombasa hufutika bila ya mtu kuzigusa, na njia rahisi ya kuziokoa ni kuzitoa kopi mapema, maana kopi ya kawaida haifutiki kwa joto. Mwenye altrasaundi nyumbani na akaitoe kopi leo.

Na lilikuwamo kosa. Mama yangu hupata vipele na kuvimba uso akipewa penisilini, na alimwambia muuguzi siku aliyopokewa. Muuguzi aliandika hivyo katika ukurasa wake. Lakini ukurasa wa mbele wa faili, ambao ndio daktari wa zamu ya usiku huutazama kwanza, umeandikwa kwamba mgonjwa hana mzio wowote. Faili moja, kauli mbili zinazopingana, na ile ya uongo ndiyo iliyotangulia mbele. Kama nisingepata nakala, kosa hilo lingeendelea kumngoja mama pale hadi siku atakayoletwa usiku akiwa hajitambui.

Mimi kazi yangu ni ya makaratasi. Nimetumikia wakala wa forodha kwa miaka 14, na kutwa yangu huishia baina ya ofisi na bandari ya Kilindini, nikifuatilia hati za shehena. Kontena linapokuwa bandarini hushikwa na bandari, na hati za safari huzishika wenye meli, na kila mmoja ana sababu zake za kuziweka karatasi za asili mahali salama. Lakini sijapata kumwona mtu akimwambia mwenye mzigo kwamba hana ruhusa ya kujua kilichomo ndani ya kontena lake. Nakubali kabisa kwamba hospitali ina haki ya kubaki na faili ya asili: inaihitaji mgonjwa akirudi, inaihitaji kwa hesabu zake, inaihitaji ikiulizwa ilifanya nini. Karatasi na ziwe za hospitali. Kilichoandikwa juu yake ni habari ya mwili wa mama yangu, na nakala ya habari hiyo hakuna anayeistahili kabla yake.

Tena hayo si maoni yangu pekee. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na vilevile habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote iwapo anazihitaji ili atumie au alinde haki yake. Na haki ya kupata huduma ya afya ya kiwango cha juu kiwezekanacho iko katika Kifungu cha 43. Kifungu hichohicho cha 35 kinampa mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe.

Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa gazeti la Kiswahili wanisikilize. Sehemu ya 8 ya sheria hiyo inasema kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huna haja ya kumtafuta wakili wala kijana wa mtaani wa kukutafsiria. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, aende akaseme kwa mdomo, na afisa analazimika kumsaidia ombi lake liandikwe na kumpa nakala. Hospitali ya umma inatakiwa kutoa uamuzi haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Na habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Huwezi kutozwa ada kwa kule kuomba. Unachoweza kudaiwa ni gharama ya kadiri ya kutoa nakala. Shilingi 2,000 za kutafutiwa faili hazimo humo. Kopi kwenye vibanda vya Mwembe Tayari ni shilingi chache kwa ukurasa, na faili nzima ya mama yangu haikufika kurasa 40.

Sheria hiyohiyo, katika sehemu ya 4, inasema kwamba haki ya mtu haiathiriwi na sababu aliyoitoa, wala na sababu ambayo ofisi inaidhania. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimelazimika kulijibu mara nyingi: “Unataka kushtaki?” Niliulizwa swali hilo na watu watatu tofauti ndani ya jengo moja. Sikutaka kumshtaki yeyote, nilitaka daktari amtibu mama. Lakini hata yule anayekusudia kushtaki ana haki ya nakala yake sawasawa na mimi, na sioni ni vipi hospitali iliyofanya kazi yake vizuri itadhurika kwa maandishi yake yenyewe.

Kwa upande wa hospitali za kibinafsi, ambazo wakubwa wake wengine hudhani kwamba hayo ni mambo ya serikali tu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hiyo inahusu kila anayetunza habari za watu, awe wa umma au wa kibinafsi, na inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile nyeti zinazohitaji uangalifu zaidi. Sehemu ya 26 inampa mwenye habari haki ya kuzipata na haki ya kutaka za uongo zirekebishwe, na kanuni zilizotolewa mwaka 2021 zinataka ombi la kuzipata litimizwe ndani ya siku 7 na bila malipo. Anayemwombea mwingine naye amefikiriwa: mzazi au mlezi humwombea mtoto, na mtu mzima anaweza kumpa idhini yule anayemwamini.

Sitaki nisomeke kama mtu anayetaka madirisha yafunguliwe ovyo. Wapo jamaa wanaotaka kujua maradhi ya mtu ili wamseme, wapo waajiri, wapo wanandoa waliotengana, na katika mji huu, ambako neno hutoka Majengo asubuhi likafika Kisauni kabla ya adhuhuri, karani anayeomba kitambulisho na barua ya idhini anafanya wajibu wake. Kwa magonjwa kama Ukimwi kuna hata sheria ya peke yake, ya mwaka 2006, inayolinda siri ya mgonjwa. Mimi ningefurahi kama ningeombwa kitambulisho cha mama, kitambulisho changu, na karatasi yenye sahihi yake. Hakuna aliyeviomba. Ulinzi wa siri ulitajwa kwangu kama sababu ya kunikatalia tu, ilhali hakuna aliyetaka kuhakikisha mimi ni nani.

Vilevile nawaomba wasimamizi wasichanganye nakala na deni. Nawajua watu waliotia sahihi ahadi ya kulipa bili kidogo kidogo, kisha wakaambiwa kwamba majibu ya vipimo watapewa siku watakayomaliza. Deni lina njia zake za kudaiwa. Mgonjwa anayezuiliwa majibu yake hushindwa kuendelea na tiba kwingine, na asiyetibiwa harudi kazini akapata cha kulipa.

Kwa msomaji ambaye kesho atasimama mbele ya dirisha kama lile, nitamwambia niliyojifunza kwa miguu yangu. Andika barua, usitegemee mdomo. Taja jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kadi ya hospitali, nambari ya kitambulisho, nambari ya faili, wodi, na tarehe za kulazwa na kutoka. Usiseme tu “nataka faili”, kwa kuwa utapewa karatasi moja uambiwe ndiyo hiyo. Taja unachokitaka kwa jina lake, kama vile majibu ya maabara, ripoti ya altrasaundi, maelezo ya upasuaji, karatasi ya dawa alizokuwa akipewa wodini, na muhtasari wa kuruhusiwa. Kwa eksirei na skani, omba picha zenyewe pamoja na ripoti, kwa sababu daktari wa pili mara nyingi hutaka kutazama kwa macho yake, na picha za siku hizi huweza kutiwa kwenye sidii. Ielekeze kwa mkuu wa hospitali, kwa kuwa katika ofisi ya umma yeye ndiye ambaye sheria ya mwaka 2016 imemfanya kuwa afisa wa habari, hata kama amemwachia mwingine kazi hiyo. Fanya barua mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, ukae nayo, maana siku zinahesabiwa tangu pale. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Dhidi ya ofisi ya umma unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu uarifiwe uamuzi. Na kwa hospitali yoyote, iwe ya umma au ya kibinafsi, ipo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na bora zaidi ni kuomba siku ileile mgonjwa anaporuhusiwa, faili ikiwa bado mezani mwa wodi na wauguzi wanamjua mgonjwa kwa sura. Tungefanya hivyo sisi, nisingekuwa na haja ya kuandika barua hii.

Lakini si haki kumtwika mgonjwa mzigo wote. Matibabu katika hospitali za kaunti yako chini ya serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jadwali la Nne la Katiba, kwa hivyo ombi langu nalielekeza kwanza kwa idara ya afya ya Kaunti ya Mombasa. Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Libandikwe tangazo la Kiswahili kwenye kila dirisha la rekodi, lenye jina la cheo cha afisa anayepokea maombi, vitambulisho vinavyotakiwa, bei ya kopi kwa ukurasa, na siku ambazo mwombaji atangoja. Iwepo fomu ya ukurasa mmoja. Kila malipo yawe na risiti. Na mazungumzo ya maradhi ya mtu yafanyiwe mahali ambapo foleni haisikii, hata kama ni pembeni mwa mlango huohuo. Hospitali za kibinafsi nazo, ambazo nyingi zina kompyuta na zinaweza kuchapa majibu kwa dakika chache, ziache kumrudisha mtu kwa kisingizio cha daktari aliye likizoni. Rekodi ilishaandikwa, haimngoji daktari ili iwepo.

Nafahamu kwamba Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imepitishwa, na kwamba tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliposhika nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, tunaambiwa kwamba kumbukumbu zetu zitakuwa zinamfuata mgonjwa kwenye mtandao popote aendapo. Naliombea jambo hilo heri. Hata hivyo faili nilizoziona ndani ya makatoni hazimo kwenye mtandao wowote, na wenye faili hizo wako hai, wanaumwa, na baadhi yao wanavuka feri asubuhi hii kwenda kuambiwa waje Alhamisi.

Nakala za mama yangu sasa ziko ndani ya jalada la kitambaa, pamoja na kadi yake ya kliniki. Ile barua ya pili, ya kuomba ukurasa wa mbele wa faili urekebishwe na neno penisilini liandikwe pale panapostahili, pamoja na tarehe na jina la aliyerekebisha ili maandishi ya awali yasifichwe, niliipeleka siku 19 zilizopita na ikapigwa muhuri. Jibu halijaja. Mama ana kliniki Jumanne, nami nitapita dirishani siku hiyo kuliulizia.

Wako mwaminifu,
Jina nimelihifadhi kwa ajili ya siri ya mgonjwa,
Likoni, Mombasa.